Sura ya Sita: Kitabu cha Babu Kina Bei Gani?

Mtu akisha kujulikana katika Pemba kuwa ana maarifa kidogo ya vitu vya kale, haupiti muda mrefu ila huletewa swali moja, ama barazani, ama kwenye ukumbi wa msikiti baada ya sala ya alasiri, ama kwa simu ya jamaa aliyeko Maskati au Dubai: "Ami, tuna kitabu cha babu, kimeandikwa kwa mkono tangu zama za zama. Twaweza kupata kiasi gani?" Muulizaji hutaraji kutajiwa kima, na akikosa kutajiwa hudhani anafichwa jambo, kwamba huyo ami naye ana mteja wake kando. Kumbe kima ndicho kitu cha mwisho kujulikana, na yote yaliyo baina ya swali hilo na jawabu lake, yaani kutazama, kuhesabu karatasi, kuuliza nasaba ya milki, kuandika barua, kuomba kibali, kungoja, na aghalabu kukataa, ndiyo kazi yenyewe ya mfanyabiashara wa sanaa na vitabu adimu, iwe duka lake liko London au ni chumba kimoja nyuma ya soko la Chake Chake.

Nina rai yangu katika jambo hili, nami naitanguliza ili msomaji aipime njiani: pwani yetu ilijua biashara mbili za vitabu, moja ya kuuza kitabu chenyewe na nyingine ya kuuza nakala yake, na hii ya pili, ambayo ndiyo kongwe na ndiyo yenye heshima zaidi, tumeiacha ikasahaulika, hata mrithi wa leo hudhani kuwa hana ila mambo mawili, kukifungia kitabu kasheni mchwa wakile, au kukitoa nje ya nchi kisirudi.

Kasha lina nini ndani yake

Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho shamba kuu la karafuu. Fedha ya karafuu ilijenga nyumba na misikiti, ililipa walimu, na ilinunua vitabu. Mwenye shamba aliyekuwa na mapenzi ya elimu aliagiza vitabu vya fiqhi kutoka Unguja, Oman au Hadhramaut, na kile asichoweza kukipata kwa kununua alimpa mnukuzi amnukulie. Kitabu cha namna hiyo, kilichoandikwa kwa mkono na kwa hiyo hakina pacha wake hasa popote duniani, ndicho tutakachokiita nuskha katika sura hii.

Tuchukue mfano wa kijana wa Wete ambaye baba yake amefariki, na katika kugawa vitu limefunguliwa kasha la babu. Aghalabu atakuta ndani yake:

- msahafu mmoja au zaidi, pengine wenye nakshi za wino mwekundu na wa manjano;
- vyuo vya fiqhi, nahau na mirathi, vya Kishafii au vya Kiibadhi kwa kadiri ya madhehebu ya nyumba hiyo;
- vitabu vya falaki na tiba, ambavyo ndugu wengine huogopa hata kuvigusa;
- madaftari ya mashairi na tenzi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu;
- hati za mashamba, za rehani na za ndoa, na barua zilizofungwa kwa uzi.

Familia huvipanga vitu hivi kwa heshima, msahafu juu na barua chini kabisa, na hilo ni haki yao. Soko lakini halipangi hivyo. Misahafu ya mkono iliandikwa kwa wingi katika nchi zote za Kiislamu, na kwa hiyo msahafu wa kawaida usio na tarehe wala jina, ijapokuwa ni mtukufu, si adimu. Ilhali daftari bovu la mashairi ya Kipemba, lililoandikwa na mtu aliyeyasikia kwa mtungaji mwenyewe, laweza kuwa ndilo pekee lililobaki. Kamange, aliyezaliwa mwaka 1830 na kufariki 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyeishi kutoka 1841 hadi 1926, walikuwa washairi wakubwa wa kisiwa hiki, lakini kitabu kamili cha mashairi yao, *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, hakikutoka ila mwaka 2011, zaidi ya miaka themanini baada ya Sarahani kuzikwa. Kwa muda wote huo mashairi hayo yalikuwa yakiishi katika vifua vya watu na katika madaftari kama hilo lililolazwa chini ya kasha, ambalo mimi, lau ningeombwa kuchagua kitu kimoja tu cha kuokoa nyumba inapoungua, ningelichukua kabla ya nakshi zote.

Ipo, hata hivyo, misahafu inayotafutwa mno, nayo ni ile ya Siyu katika kisiwa cha Pate, mji ambao katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa na wanukuzi na wajalidi mashuhuri, watu wa kufunga vitabu kwa ngozi, na ambao nakshi zao hutambulikana kwa jicho lililozoea. Mwenye kusema kuwa wake ni wa Siyu hana budi kuleta ushahidi zaidi ya maneno ya bibi.

Kutazama kwa jicho lisilo na haraka

Kitabu kikiletwa, mfanyabiashara ajuaye kazi yake hakifungui kwanza. Hunawa mikono, huikausha sawasawa, hukiweka juu ya kitambaa safi, na hutazama jalada, kingo na harufu, kwa sababu unyevu wa masika na njia za mchwa hujitangaza hata kabla ya ukurasa wa kwanza. Kisha hujiuliza swali ambalo huvunja nyoyo nyingi: je, hiki kimeandikwa kwa mkono kweli?

Katika karne ya 19 viwanda vya Bombay na vya miji mingine vilichapa vitabu vingi kwa chapa ya mawe, yaani khati ya mwandishi ilihamishwa juu ya jiwe lililosawazishwa, likapakwa wino, na karatasi zikapigwa juu yake kwa mamia. Ukurasa wa chapa hiyo una khati ya mtu, una pambizo zilizojaa sherehe, yaani ufafanuzi wa matini, una kila kitu cha nuskha isipokuwa mkono wenyewe. Vitabu hivi vilifika pwani kwa majahazi na ni vingi katika makasha ya Pemba. Njia ya kuvitambua si ngumu: kalamu ya tete ikichovywa wino huanza na weusi mzito, hufifia kidogo kidogo, kisha huanza tena, hivyo mistari ya nuskha hupanda na kushuka kama pumzi, ilhali weusi wa chapa ni mmoja tangu juu hata chini. Wala mwenye chapa ya mawe asikitupe kitabu chake, maana baadhi ya chapa za kale nazo zimekuwa adimu. Mfano ni vitabu vya Kiibadhi vilivyotoka katika kiwanda cha chapa alichokianzisha Sultani Sayyid Barghash mjini Unguja karibu na mwaka 1880, ambavyo leo maktaba kubwa huvitafuta.

Kitabu kikithibiti kuwa ni nuskha, huja zamu ya karatasi. Karatasi nyingi iliyotumika katika nchi hizi ilitoka Italia, na watengenezaji wake walitia ndani yake alama ya maji, ambayo ni umbo lisiloonekana ila ukurasa ukiinuliwa kwenye mwanga. Na umbo lililo mashuhuri kuliko yote katika biashara ya Mashariki ni la hilali tatu zilizofuatana kwa ukubwa. Alama hiyo haisemi mwaka, lakini huweza kumuumbua mwongo, kwani kitabu kidaiwacho kuwa cha miaka mia nne hakiwezi kuandikwa juu ya karatasi ya kiwanda kilichofunguliwa juzi.

Baada ya karatasi huja hesabu. Vitabu vya zamani havikuwa na nambari za kurasa; mnukuzi aliandika chini ya ukurasa wa kulia, pembeni, lile neno litakaloanza ukurasa wa kushoto, ili mjalidi asichanganye karatasi. Mfanyabiashara huketi, pengine kutwa nzima, akilinganisha neno la chini na neno la juu, ukurasa baada ya ukurasa, na panapokatika mfuatano huo hujua kuwa karatasi imepotea au imechanwa. Kazi hii haina utamu wowote, na ni kwa sababu hiyo madalali wa haraka huiruka, kisha mnunuzi wa mbali akaifanya yeye, akakirudisha kitabu.

Mwisho hutazamwa khatima, maneno ambayo mnukuzi huyaandika akiisha kazi, mara nyingi kwa umbo la pembetatu linalopungua kuelekea chini, akimshukuru Mola, akataja jina lake, mji wake, aliyemwandikia, na siku aliyomaliza kwa tarehe ya Hijra. Khatima ikisema mwaka 1300, basi kitabu ni cha 1882 au 1883. Hapa watu wengi huteleza kwa kuchanganya umri wa utungo na umri wa nuskha. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, lakini mwenye daftari la utenzi huo lililonukuliwa mwaka 1920 ana kitu cha mwaka 1920, nacho kina thamani yake ya haki, bila ya kuvishwa umri usio wake.

Kwa ufupi, kabla ya kutaja bei mfanyabiashara amekwisha kujua mambo manne: ni mkono au ni chapa, ni karatasi gani, kimetimia au kimepungua, na kimeandikwa lini kwa kalamu ya nani.

Kwa mrithi ambaye hajaenda kwa yeyote, nina nasaha moja ya haraka: asikitengeneze. Utepe wa gundi wa dukani huacha madoa yasiyotoka, kukianika juani hufifisha wino na kuivunjavunja karatasi, na kukipeleka dukani kikafunikwe kurasa zake kwa plastiki ya moto ni kukiua. Kikae mahali pakavu penye hewa, mbali na sakafu na ukuta wa nje, kimefungwa kitambaa cha pamba, na kifunguliwe mara kwa mara ili wadudu wasipate makao ya raha.

Mwenyewe ni nani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndipo mfanyabiashara mwaminifu hutengana na mwizi. Turudi kwa kijana wetu wa Wete, na tuseme marehemu baba yake ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, ambaye ndiye huyu, na mabinti wawili. Kwa hesabu ya mirathi mjane ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Zilizobaki saba hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata hisa ya wanawake wawili. Maana yake ni kuwa kijana ana sehemu saba katika kumi na sita, pungufu ya nusu. Yeye aliyekipakata kitabu akakileta, akaketi, akapewa kahawa, akaulizwa bei anayoitaka, hana hata nusu ya kitu anachokiuza, na bei yoyote atakayoipokea bila ya ridhaa ya mama na dada zake ni deni juu ya shingo yake na juu ya shingo ya mnunuzi pia.

"Wangapi mnaorithi, mwanangu?" ndilo neno la kwanza la mfanyabiashara wa haki, na wapo vijana ambao wakiisha kuulizwa hivyo hukumbuka ghafla kuwa wana haraka ya kwenda mahali.

Kuna na wakfu. Zamani mtu alikuwa akitaka thawabu ya kudumu hukitoa kitabu chake wakfu kwa msikiti au kwa wanafunzi wa madrasa fulani, na kwa kawaida neno la wakfu huandikwa katika ukurasa wa kwanza, pamoja na onyo la kutokiuza, kutokigawa wala kutokirithi. Kitabu cha wakfu hakina bei. Ukikuta ukurasa wa kwanza umechanwa kwa uangalifu ilhali kurasa nyingine zote ni nzima, basi dhana mbaya katika jambo hilo si dhambi.

Zaidi ya hayo yatakiwa silsila ya milki, yaani mlolongo wa watu waliokimiliki kitabu mmoja baada ya mwingine tangu mnukuzi hata leo. Wanavyuoni wetu walijua zamani kuwa hadithi hupimwa kwa watu walioipokeza, na soko la vitabu adimu duniani limekuja kufuata mwendo huohuo: nuskha yenye silsila iliyo wazi hununuliwa na maktaba kwa moyo mkunjufu, na nyingine nzuri kuliko hiyo, isiyojulikana ilikotoka, hukataliwa. Kwetu sisi jambo hili lina ugumu wake mahsusi, kwani baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika kwenda Mombasa, Oman na nchi za Ghuba, zikiacha nyumba na vitabu nyuma yao, na kitabu kilichookotwa siku zile kina pahali pa giza katika nasaba yake ambapo huenda bado yuko mtu mwenye haki nacho, na pengine mtu huyo anakumbuka hata rangi ya jalada.

Kisha iko serikali. Mambo ya kale si jambo la Muungano, hivyo Unguja na Pemba zina sheria zake na idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, na Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo huhesabu kuwa ni cha kale kitu chochote kilichofanywa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Tanzania iliingia mwaka 1977 katika Mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia kusafirishwa na kuuzwa kwa magendo mali ya utamaduni. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni nyepesi: kitu cha kale hakitoki nchini bila ya kibali, yaani ruhusa ya maandishi, na dalali akuambiaye kuwa atakitia katika begi la nguo, hakuna atakayejua, anakuuzia miaka mingi ya wasiwasi kwa bei ya siku moja.

Bei hutoka wapi

Sasa ndipo kima. Hakuna orodha ya bei, na asemaye anayo anadanganya. Bei ya nuskha hufanywa na watu wawili wanaoitaka kwa wakati mmoja. Akiwa mmoja tu, hufanywa na subira yake. Mfanyabiashara hutazama nuskha za jinsi hiyo zilizouzwa zamani katika minada, yaani mauzo ya hadharani ambapo anayezidisha ndiye achukuaye, kisha hupunguza kwa karatasi zilizopotea na wadudu walioingia, huongeza kwa khatima iliyo wazi na kwa lugha iliyo haba. Kiswahili cha herufi za Kiarabu ni haba kuliko Kiarabu chenyewe.

Wanunuzi ni wa namna mbalimbali. Maktaba na vyuo vikuu hulipa polepole, hutaka barua nyingi, na hawanunui kisicho na silsila. Taasisi za Oman hukusanya kwa hamu vitabu vya Kiibadhi na habari za Waomani wa Afrika ya Mashariki. Wakusanyaji binafsi hulipa haraka na hupenda nakshi. Wenye hoteli hutaka kitu cha kutundika ukutani na hawajali kimesema nini. Nao waganga wamo, na wasisahauliwe, kwani kitabu cha tiba au cha nyota chenye ijaza, yaani idhini ya kukitumia, ya mwalimu wa kale kina mnunuzi Pemba hii hii, asiyetaka barua wala risiti, na ambaye mara nyingine huitaka karatasi moja tu ya katikati.

Siku ya mfanyabiashara basi hupita katika mambo madogo. Asubuhi hujibu barua. Hupiga picha kurasa mbili tatu kwa mteja wa mbali, pamoja na rula ya kuonyesha vipimo. Huandika katika daftari lake tarehe, jina la aliyeleta, alivyoleta na hali yake, mbele ya aliyeleta. Mchana humpokea dalali, mtu wa kati apataye ujira wake kwa kukutanisha, akisifu kitu ambacho hakukifungua. Alasiri huenda kumtafuta mzee ajuaye khati ya mnukuzi fulani. Siku nyingi humalizika bila ya kuuzwa kitu. Mwenye kuitaka biashara hii kwa sababu ya utajiri afadhali apande karafuu.

Na picha je? Wasomaji wengine wameniuliza habari za michoro, nami nitapita upesi, kwa kuwa jambo lake ni lile lile kwa sura nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za mraba, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu! Kazi yake kwa hiyo ni chache, na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wanachora kwa mtindo huo hata leo, kazi halali na nyingine nzuri sana. Uhalifu ni wa yule aandikaye jina la marehemu juu ya mbao mpya. Hapo tena kinachomwokoa mnunuzi ni silsila: nani alinunua, lini, na kwa nani.

Kitabu kisivunjwe

Mwaka 1984 katika Mtambwe Mkuu, jirani na Wete, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya elfu mbili za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu, nyingine zikiwa za dola ya Fatimiya. Sarafu moja ya fedha ya namna ile, mkononi mwa mchuuzi wa Mtaa wa Gizenga kule Unguja, ni kijipande kidogo chembamba ambacho mtalii hukigeuza akauliza kama ni cha kweli. Lakini kwa kuwa zote zilipatikana pahali pamoja na zikachunguzwa pamoja, zilifundisha ulimwengu kuwa katika karne ya 11 wafalme Waislamu wa hapa petu walipiga fedha kwa majina yao wenyewe, huku dhahabu ikiwafikia kutoka mbali. Lau zingalitawanywa sarafu kumi huku na ishirini kule, elimu hiyo ingalipotea na kila sarafu ingalibaki kuwa kichezeo.

Ndivyo na kitabu. Kuna wauzaji, na si wa kwetu tu, ambao wakipata nuskha yenye nakshi huichana na kuuza karatasi moja moja katika vioo, kwa hesabu kwamba karatasi mia mbili zikiuzwa mbalimbali huleta fedha zaidi ya kitabu kimoja. Hesabu yao ni sahihi na tendo lao ni ovu, nami sioni haja ya kulipamba kwa maneno laini: khatima huenda Ulaya, neno la wakfu hutupwa, kati hukaa katika ukumbi wa hoteli, wala hapana atakayeweza tena kujua kilikuwa kitabu gani.

Biashara ya pili: kuuza nakala, kubakisha kitabu

Nimeahidi kuirejea rai yangu. Lamu alikuwapo Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki 1945, mshairi, mpiga muziki, mchonga milango na mnukuzi ambaye khati yake ilikuwa fahari ya mji. Wataalamu wa Ulaya waliopenda tenzi zetu, wakiwamo Alice Werner, Carl Meinhof, William Hichens na Ernst Dammann, walipata kwake nuskha nyingi, naye aliziandika kwa kuagizwa na kwa ujira, akazipamba kwa rangi. Nuskha hizo leo zimo katika maktaba za London, Hamburg na Berlin. Kijuma alikuwa akifanya biashara, wala hapana aibu katika hilo. Alichouza kilikuwa kazi ya mkono wake na elimu ya kichwa chake, na alichokinukuu leo aliweza kukinukuu tena kesho kwa mteja mwingine.

Mwendo huo haukuanza kwa Kijuma. Mwaka 1877 John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alipata nakala ya tarekhe ya Kilwa ya Kiarabu iliyonukuliwa kwa mkono Unguja, na nakala hiyo, iliyochapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895, ndiyo ambayo wanahistoria wanaisoma hadi leo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kiswahili J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya na kupiga picha nuskha kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam, na orodha yake ilitoka mwaka 1970. Karibuni zaidi vitabu vya Msikiti wa Riyadha wa Lamu vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa msaada wa British Library, na picha zikawekwa mahali ambapo mtu wa Chake Chake mwenye simu aweza kuzisoma, ilhali vitabu vyenyewe havikuondoka Lamu.

Kwa hiyo nimwambie kijana wetu wa Wete kuwa ana mlango wa tatu. Aweza kulipeleka lile daftari la mashairi katika Nyaraka za Taifa, Kilimani kule Unguja, au kuwaita watafiti waje nyumbani, wakapiga picha, wakalipa ujira wa kusomewa na kufafanuliwa maneno ya Kipemba ambayo wao hawayajui, na ujira huo ni wa haki kama ule wa Kijuma. Baadaye mchapishaji akitaka kulifanya kitabu, yako mapatano mapya na malipo mapya. Fedha yake kwa siku moja ni ndogo kuliko ya mnunuzi wa nakshi. Huja, hata hivyo, zaidi ya mara moja, na daftari hubaki kasheni.

Ila asiache jambo hili liende kwa maneno ya mdomo na tabasamu, kwani wageni wengi ni wema na usahaulifu wao ni mkubwa. Iandikwe hati ya nakala mbili, Kiswahili, yenye mambo haya:

- kitabu kina karatasi ngapi, na hali yake siku hiyo;
- ni nani anayepiga picha, kwa ajili ya taasisi gani, na picha zitawekwa wapi;
- kwamba nyumba itapewa picha zote, kamili, kabla ya mpigaji kuondoka kisiwani;
- jina la mwenye kitabu na la mnukuzi yatakavyotajwa popote picha itakapotumika;
- kwamba kuchapa kitabu kizima kwahitaji ruhusa nyingine na malipo mengine;
- sahihi za warithi wote, mjane na mabinti wakitia zao kwa mikono yao wenyewe, na mashahidi wawili.